Mabomba ya ombwe kwa kinu cha myeyungano: miundo inayoshindana na jinsi ya kuchagua

Katikati ya kinu cha myeyungano wa nyuklia (fusion, yaani kuunganisha viini vya atomi) kuna plazma, gesi yenye chembe za umeme, inayopashwa hadi nyuzi milioni 150 za Selsiasi. Mita chache kutoka hapo kuna sumaku za superkondakta, zinazopitisha umeme bila ukinzani zikiwa baridi sana, ambazo lazima zikae kwenye kelvini 4.5, karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Baridi hiyo inafika kwenye sumaku kwa mabomba: bomba la ndani linapitisha heliamu, bomba la nje lina joto la kawaida la jengo, na katikati yao hewa yote imenyonywa. Nafasi hiyo tupu ndiyo ombwe. Wazo lenyewe ni la James Dewar wa mwaka 1892, na ndilo linaloifanya chupa ya chai ikae na moto hadi jioni.

Wanafunzi wa uhandisi wanaoingia kwenye fani hii huanza na swali la kwanza kwenye kila katalogi: bomba hili linapitisha joto kiasi gani kwa mita? Ni swali halali, ila halitoshi. Ninaamini kila uamuzi hapa upimwe kwa swali la pili: siku ombwe litakapokufa, nini kitafuata? Litakufa siku moja. Mshono utafunguka, pampu itazimika, au mtu atagonga bomba kwa kreni. Miundo inayolingana kabisa siku ya kawaida huachana vibaya siku hiyo.

Mfano wangu mkuu ni ITER, kinu kinachojengwa Saint-Paul-lez-Durance kusini mwa Ufaransa kwa ushirikiano wa China, Umoja wa Ulaya, India, Japani, Korea Kusini, Urusi na Marekani. Mitambo yake ya kupozea imesanifiwa kutoa kilowati 75 za ubaridi kwenye kelvini 4.5, na mfumo mzima utabeba takriban tani 25 za heliamu. Kati ya jengo la mitambo hiyo na jengo la kinu kuna kilometa kadhaa za mabomba ya ombwe, na jukumu la kuyatoa ni la India.

Povu au ombwe

Hapa sitakaa. Povu gumu kama lile la kwenye ukuta wa friji ni rahisi na fundi yeyote analiweza, lakini kwa heliamu halifai hata kidogo. Hewa huanza kuwa majimaji kwenye kelvini 80 hivi. Bomba la kelvini 4.5 likifunikwa povu, hewa itapenya kwenye nyufa, itaganda juu ya chuma, na matone yatakayodondoka yatakuwa na oksijeni nyingi kuliko hewa ya kawaida. Yakidondokea grisi au kebo, moto unaweza kuanzia pale. Povu linavumilika kwa naitrojeni ya majimaji (kelvini 77) kwenye kipande kifupi cha muda. Zaidi ya hapo, ombwe.

Ngao ya joto: iwepo au isiwepo

Ukishaondoa hewa, joto linabakiwa na njia mbili: kupita kwenye vishikizo vinavyolibeba bomba la ndani, na mnururisho kutoka kwenye ukuta wa nje. Mnururisho hufuata kipeo cha nne cha halijoto. Uso mweusi wa kelvini 300 hutoa wati 459 kwa mita ya mraba, ule wa kelvini 80 wati 2.3 tu. Ndiyo sababu watu huweka ngao katikati, yaani bomba jembamba la alumini au shaba linalopozwa hadi kelvini 80 na mkondo wake wenyewe. Pande zote za ngao huzungushiwa matabaka ya plastiki nyembamba iliyopakwa alumini, yakitenganishwa na kitambaa chepesi cha wavu.

Tuchukue bomba la mita 100 lenye kipenyo cha milimita 88.9, na ngao yenye kipenyo cha milimita 200. Kwa makadirio ya kawaida ya usanifu, matabaka 30 kati ya joto la chumba na kelvini 80 hupitisha wati 1 kwa mita ya mraba, na matabaka 10 kati ya kelvini 80 na 4.5 hupitisha wati 0.05. Kuondoa wati 1 kwenye kelvini 4.5 hula wati kama 230 za umeme katika mitambo mikubwa kama ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe. Kwenye kelvini 80 nimechukua wati 9. Vishikizo nimeviacha nje ya hesabu.

| | Bila ngao | Yenye ngao ya kelvini 80 |
|---|---|---|
| Joto linaloifikia heliamu | wati 28 | wati 1.4 |
| Joto linalochukuliwa na ngao | hakuna | wati 63 |
| Umeme wa kuliondoa lote | kilowati 6.4 | kilowati 0.9 |

Tofauti ya umeme ni mara saba. Bado si hoja yangu kubwa. Heliamu inayoelekea kwenye sumaku za ITER imebanwa kupita baa 2.27, presha ambayo juu yake hakuna tena mpaka kati ya majimaji na gesi. Kwa hiyo haichemki. Kila wati inayoingia njiani huipandisha halijoto moja kwa moja, na superkondakta haina nafasi kubwa ya kuvumilia. Wati 28 njiani zinaweza kuila nafasi ambayo msanifu wa sumaku ameihesabu kuwa yake.

Kwa bomba fupi la maabara, la mita 5 kutoka kwenye chupa hadi kwenye jaribio, ngao ni mzigo: mabomba mawili zaidi ndani, mishono zaidi, gharama zaidi. Kwa njia kuu ya kinu siioni hoja ya kuiacha.

Bomba moja moja au fungu ndani ya ganda moja

Unaweza kuweka kila bomba la heliamu ndani ya ganda lake la nje, au kuyapanga kadhaa ndani ya ganda kubwa moja: la kwenda kwenye kelvini 4.5, la kurudi, la kwenda kwenye ngao na la kurudi kutoka kwenye ngao. ITER imefuata njia ya fungu kwa mistari yake mikuu, na baadhi ya maganda yana kipenyo kinachokaribia mita 1.

Fungu hushinda kwa nafasi na kwa joto, maana ngao moja inayakinga yote. Hushindwa kwa ukarabati. Tundu dogo kwenye bomba moja la ndani huua ombwe la wenzake wote, na ili kulifikia unakata ganda, unakata ngao, unafunua matabaka, na mara nyingine linalovuja ndilo la nyuma kabisa ukutani. Nimeona wasanifu wakichora fungu zuri sana kwenye kompyuta bila kuacha nafasi ya mkono wa fundi na kichwa cha mashine ya kuchomelea. Kwenye kila kiungo cha kufungia pale mtambo unapojengwa, pima kama mkono unazunguka bomba lote. Kama hauzunguki, mchoro huo haujaisha.

Chaguo langu: fungu kwa safari ndefu kati ya majengo, bomba moja moja kwa matawi yanayoingia kwenye kifaa kinachoweza kung'olewa, kwa mfano pampu za baridi zinazosafisha chumba cha plazma. Kifaa hicho kitafunguliwa mara nyingi. Usiufanye mfumo wote uwe mateka wake.

Ombwe tuli au ombwe linalopampiwa

Ombwe tuli hunyonywa kiwandani, likafungwa, likaachwa hivyo kwa miaka. Ndani huwekwa kifuko cha zeolaiti kinachonasa gesi kikiwa baridi, na kiasi kidogo cha oksidi ya paladi kwa ajili ya haidrojeni inayotoka polepole ndani ya chuma chenyewe. Hakuna pampu, hakuna umeme. Kwa mabomba ya naitrojeni na oksijeni ya majimaji ni chaguo bora, na matangi ya oksijeni unayoyaona yamesimama nje ya hospitali kubwa yanategemea ombwe la namna hii.

Ombwe linalopampiwa lina mlango wa kuunganishia pampu, kipimo cha presha, na kwenye njia kubwa pampu zinazokaa hapo daima.

Tatizo ni kwamba bomba la baridi huficha ugonjwa wake. Likiwa kwenye kelvini 4.5, hewa yoyote inayopenya kutoka nje huganda juu ya ukuta wa ndani, na kipimo kinaonyesha ombwe safi kabisa. Mwezi baada ya mwezi barafu ya hewa inakusanyika. Siku mtambo unapopashwa kwa matengenezo, barafu yote inageuka gesi kwa pamoja ndani ya nafasi iliyofungwa. Ganda lisilo na vali ya usalama linaweza kupasuka wakati kila mtu anaamini kazi imekwisha. Heliamu yenyewe hufanya kinyume: haigandi, ukuta wa kelvini 4.5 hauinasi vya kutosha, zeolaiti yenye joto haiishiki. Uvujaji mdogo kutoka bomba la ndani hulipandisha joto mara moja.

Ndiyo maana ombwe tuli linafaa pale kitu cha ndani kikivuja kinaweza kunaswa, na halifai kwa njia ya heliamu yenye mamia ya mishono iliyochomelewa juu ya vyuma vya jengo. Kwa njia hizo nachagua pampu. Nachagua pia kipimo kinachotambua aina ya gesi, kwa sababu namba ya presha peke yake haikuambii kama adui anatoka ndani au nje. Mishono yote ipimwe kwa mashine ya kutambua heliamu kabla ya kufungwa matabaka. Kulitafuta tundu baadaye ni kazi ya wiki.

Ukaribu na kinu unaleta masharti mengine. Pampu za turbo zina rota ya chuma inayozunguka kwa kasi kubwa, na uga mkali wa sumaku huzua mikondo ya umeme ndani ya rota hadi ikapata joto. Zinasogezwa mbali, na bomba refu la kunyonyea linapunguza nguvu yake. Plastiki ya matabaka nayo huchakaa kwa mionzi, hivyo karibu kabisa na kinu hutumika poliimidi, plastiki inayostahimili mionzi zaidi, au karatasi tupu za alumini na kitambaa cha nyuzi za kioo.

Ombwe moja refu au lililokatwa vyumba

Uamuzi huu ningeomba usiamuliwe kwa bei.

Tarehe 19 Septemba 2008, kwenye LHC, mtambo wa CERN wa kugonganisha chembe mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kiungo cha umeme kati ya sumaku mbili kilishindwa. Cheche kubwa ya umeme ilitoboa chombo cha heliamu, na heliamu ikamwagika ndani ya ombwe la kuhami. LHC si kinu cha myeyungano, lakini sumaku, heliamu na ombwe ni ndugu wa hivi tunavyovizungumzia. Vali za usalama za ombwe zilikuwa zimesanifiwa kupitisha kilo 2 za heliamu kwa sekunde. Siku ile zilihitajika kupitisha karibu 20. Presha ilipanda, ikazisukuma kuta zinazotenganisha vyumba vya ombwe, na kuta zikaburuta sumaku zenye uzito wa makumi ya tani zikang'oka kwenye vishikio vyake sakafuni. Tani 6 hivi za heliamu zilipotea, sumaku 53 zikatolewa kwenye handaki, na mtambo haukurudi kazini hadi Novemba 2009.

Somo la kwanza ni kwamba vyumba viliokoa: duara lote la mtambo lina kilometa 27, na uharibifu ulibaki ndani ya sehemu ya mita mia kadhaa. La pili, ukuta wa kutenga ombwe ni kizuizi cha gesi na pia ni pistoni inayosubiri kusukumwa, kwa hiyo kishikio chake kihesabiwe kwa presha ya ajali, si ya siku ya kawaida. La tatu, vali ya usalama isanifiwe kwa ajali mbaya zaidi inayoaminika. Baada ya pale CERN iliongeza vali nyingi kubwa zaidi.

Turudi kwenye bomba letu la mita 100, lenye eneo la mita za mraba 28. Hewa ikiingia ghafla ndani ya ombwe, inaganda juu ya chuma cha baridi na kuachia joto lake lote hapo. Vipimo vya maabara vinavyotumika tangu miaka ya 1970 vinatoa kilowati 38 kwa mita ya mraba kwa chuma kitupu, na kilowati 6 kikiwa kimefunikwa matabaka kumi. Bomba tupu lingepokea zaidi ya megawati 1. Lenye matabaka, kilowati 168. Dakika moja kabla lilikuwa linapokea wati 1.4. Lita moja ya heliamu ya majimaji inageuka zaidi ya lita 700 za gesi kwenye joto la chumba, na gesi hiyo hufukuza oksijeni ndani ya chumba chenye watu. Matabaka yale yaliyowekwa kwa ajili ya umeme ndiyo yanayoipa vali nafasi ya kuwahi.

Ukuta wa kutenga una gharama yake: unaunganisha chuma cha joto na cha baridi, hivyo unapitisha joto. Usiuweke kila mita 20. Uweke kila bomba linapoingia jengo jingine, kila tawi linapoanza, na mahali kipande kinapotakiwa kupashwa peke yake huku kingine kikibaki baridi.

Kuchomelea au kiungo cha bayoneti

Bayoneti ni kiungo ambacho bomba jembamba refu linaingia ndani ya jingine, na muhuri wake umekaa upande wenye joto, mbali na baridi. Unaufungua kwa spana. Kwa naitrojeni na kwa matawi ya vipimo ni raha kubwa. Kwa njia kuu ya heliamu, kila bayoneti ni muhuri wa mpira unaozeeka na daraja la joto. Mle ambamo mionzi inamzuia mtu kuingia, muhuri usioweza kubadilishwa haupaswi kuwepo. Hapo ni kuchomelea tu.

Hata hivyo kuchomelea hakumalizi mashaka. Kwenye ITER, vipimo vya heliamu mnamo Novemba 2021 viligundua uvujaji kwenye paneli ya ngao ya joto. Ngao hiyo hupozwa na mabomba madogo yaliyochomelewa juu ya paneli zilizopakwa fedha. Mabaki ya klorini kutoka kwenye maandalizi ya upakaji yalikuwa yamenaswa kwenye kona karibu na mshono, na polepole yakachimba nyufa ndani ya chuma kisichoshika kutu, za kina cha hadi milimita 2.2. Uamuzi ukawa kubadilisha kilometa 23 za bomba. Chuma kilikuwa sahihi, na mshono haukuwa wa kuharakishwa. Kilichokosekana ni njia ya kuisafisha kemikali kwenye ile kona. Ukipokea zabuni mbili, moja ya bei nafuu na nyingine inayoeleza hatua kwa hatua mabomba yanavyosafishwa na kukaushwa, chukua ya pili.

Kusinyaa: mikunjo, kona au Invar

Chuma kisichoshika kutu kikipozwa kutoka joto la chumba hadi kelvini 4.5 husinyaa milimita 3 kwa kila mita. Bomba letu la mita 100 linapungua sentimita 30, huku ganda lake la nje likibaki lilivyo.

Kiungo cha mikunjo, kipande chenye ukuta mwembamba kinachojikunja na kujikunjua, hakihitaji nafasi. Lakini ni sehemu nyembamba kuliko zote, na presha ya ndani hutaka kukinyoosha: kwa baa 20, ncha za bomba letu husukumwa kwa nguvu ya zaidi ya tani 1, na nguvu hiyo lazima ibebwe na kishikio kinachogusa baridi. Kona zenye umbo la U hazina ukuta mwembamba, ila zinataka ganda pana. Invar, aloi ya chuma na nikeli, husinyaa sentimita 4 au 5 tu kwa mita 100. Ni ghali, hushika kutu, na si kila fundi anaichomelea.

Penye nafasi nachagua kona. Mikunjo naiacha kwa sehemu inayoweza kufikiwa. Mahali pamoja mjadala huu ni mgumu kweli: jengo la kinu la ITER limekaa juu ya pedi 493 za kulikinga na tetemeko, ilhali mitambo ya kupozea iko kwenye jengo jingine nje ya pedi hizo. Ardhi ikitikisika, majengo yatasogea tofauti, na mabomba yaliyo kati yao yatalazimika kuufuata msogeo huo yakiwa tayari yamesinyaa. Hapo kona zinahesabiwa kwa misogeo yote miwili kwa pamoja.

Na vinu vya kelvini 20?

Superkondakta mpya zinazofanya kazi kwenye baridi isiyo kali sana zinabadilisha baadhi ya majibu haya. Mwaka 2021 Commonwealth Fusion Systems na MIT, Massachusetts, walijaribu sumaku iliyofika tesla 20 ikiwa kwenye kelvini 20. Kinadharia, kuondoa wati 1 kwenye kelvini 20 kunahitaji wati 14 za kazi, dhidi ya karibu 66 kwenye kelvini 4.5. Kwa mabomba mafupi ya kinu kidogo, ngao inaweza kuondolewa bila hasara kubwa, na hilo linapunguza mishono karibu nusu.

Yasiyobadilika ni ukuta wa kutenga, pampu na vali ya usalama, maana kinachopita humo bado ni heliamu, na heliamu iliyovuja hairudi. Dunia inaitafuta hadi bonde la Rukwa, Tanzania, ambako watafiti wa Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kuipata mwaka 2016. Anayesanifu mstari wa kelvini 20 leo apunguze ngao kama hesabu inamruhusu, lakini asikubali mchoro wowote ambao vali ya ganda imeandikwa kipenyo chake bila kuandikwa ajali iliyokipatia kipenyo hicho.